Sauti Haihitaji Kasi, Inahitaji Njia Mbili

Inaniuma kila ninaposikia ripota wa redio, anayetangaza moja kwa moja kupitia intaneti, anakatika katikati ya sentensi, studio inaomba radhi, kisha muziki unaziba pengo. Juzi imetokea tena, matokeo yenyewe yakisomwa na mshindi akitajwa. Ushauri uliofuata ni ule ule: tafuteni intaneti yenye kasi zaidi.

Kasi si tatizo! Kodeki ya Opus, yaani mfumo wa kubana sauti ipite kwenye intaneti, iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 2012, hutoa sauti safi ya redio kwa kilobiti 96 kwa sekunde. Hata 3G ikiwa na afya hubeba mzigo huo bila shida. Kinachoua matangazo ni zile sekunde mbili tatu ambazo laini ya intaneti hunyamaza kabisa, kwa sababu umati wote unarusha video au simu inahama mnara. Laini ikishanyamaza, kasi yake ya jana haina maana.

Basi watu huunganisha laini mbili, na wengi hukosea hapo. Kuna wanaogawa mzigo, pakiti (kipande kidogo cha data ya sauti) hii huku na ile kule. Kwa video nzito sawa, lakini kwa sauti ni kujiongezea mahali pa kuharibikia: laini yoyote ikiyumba, maneno yanatoboka. Kuna wanaoiweka ya pili akiba, ishike kazi ya kwanza ikifa. Lakini mtambo huchukua muda kugundua kifo hicho, na kwa kawaida Opus hutuma pakiti 50 kila sekunde. Ukisita sekunde tatu, zimepotea 150, na jina la mshindi limo humo.

Tumeni kila pakiti kwenye laini zote mbili kwa wakati mmoja. Studio ichukue inayotangulia kufika na kutupa nakala yake. Pakiti ikipotea huku, pacha wake anaingia kutoka kule, na msikilizaji hajui kama kulikuwa na tatizo. Watu wa televisheni wana kiwango cha SMPTE 2022-7 kinachofanya hivyo hivyo. Kwa nini redio ibaki nyuma? Ila studio isubiri kwa kuifuata laini inayochelewa zaidi. Moja ikileta kwa milisekunde 40 na nyingine kwa 200, anayecheza sauti mara tu pakiti ya kwanza inapofika hana kinga yoyote: ikipotea kwenye laini ya haraka, pacha wake hufika zamu yake imeshapita.

Haya, nakubali data inaliwa maradufu. Ni takriban megabaiti 50 kwa saa kwa kila laini, vichwa vya pakiti, yaani maelezo ya anwani yanayotangulia kila moja, vikiwemo. Na mahojiano ya kupokezana yatachelewa kidogo. Navumilia yote mawili.

Lakini laini mbili ziwe mbili kweli. Kampuni tofauti huweza kutundika mitambo kwenye mnara mmoja, umeme mmoja, faiba moja. Ukumbi ukiwa na intaneti ya waya, ichanganyeni na ya simu.

Kabla ya kwenda hewani, mtu asome kwa sauti huku mwingine akichomoa laini moja. Irudisheni, kisha chomoeni ya pili. Studio ikisikia mkatiko wowote, msiende hewani hivyo.