Gesi kwenye gari la mbio: nguvu inapotelea wapi?

Mwenye Subaru Forester ya tabo, yaani yenye kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, akiingia gereji na kusema anataka kufunga gesi itumike badala ya petroli, mafundi hutazamana kwanza. Halafu mmoja atamwambia wazi: gesi ni ya bajaji na teksi, gari la namna hii ukilifunga gesi umelichinja. Maneno hayo yamezidi kusikika Dar es Salaam tangu petroli ivuke shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022 na foleni za vituo vya gesi zikaanza kukesha. Yanastahili kujibiwa kwa heshima, maana nusu yake ni kweli. Nusu ya pili imerithiwa kutoka mitambo ya zamani, na inawakatisha tamaa watu ambao injini zao zingenufaika na gesi kuliko injini nyingine yoyote.

Kwanza tutenganishe gesi mbili ambazo mazungumzo ya kijiweni huzichanganya. CNG ni gesi asilia, ile ya Songo Songo na Mnazi Bay, ambayo hubaki mvuke hata ikishindiliwa kwa presha ya bari 200 ndani ya mtungi mzito. LPG ni propani na butani, ndugu wa gesi ya jikoni, nayo hugeuka kimiminika kwa bari chache tu. Kwa mwenye gari la kubeba abiria tofauti hiyo ni ya bei na vituo. Kwa mwenye gari la nguvu ni tofauti ya injini yenyewe. Ndani ya silinda, gesi inayoingia ikiwa mvuke huchukua nafasi ambayo ingekaliwa na hewa. Mchanganyiko kamili wa gesi asilia hula karibu asilimia 9.5 ya nafasi hiyo, wa propani asilimia 4, na mvuke wa petroli haufiki hata 2. Basi anayelalamika kwamba gari lake la CNG linachoka kwenye mlima wa Kitonga anasema kweli, lakini ushahidi wake haumhusu mwenye LPG moja kwa moja.

Mfano unaonirudia kila mara ni wa Australia. Ford waliuza Falcon yenye injini ya silinda sita, lita 4.0, kwa mafuta mawili. Ya petroli ilitoa kilowati 195. Ya LPG, iliyoitwa E-Gas, ilitoa 156. Madereva wa teksi waliinunua kwa sababu ya bei ya gesi, wapenda mbio wakaicheka, na hapo ndipo sifa mbaya ya gesi ilipojengeka. Mwaka 2011 ikaja EcoLPi: injini ya ukoo uleule, gesi ileile, kilowati 198. Msokoto (torki) ukafika Nm 409, wakati wa petroli ulikuwa 391. Gesi iliyodharauliwa ikaipita petroli, kwa kidogo lakini kwa namba za kiwandani.

Kilowati 42 zilizo kati ya E-Gas na EcoLPi hazikutoka kwenye gesi, kwa kuwa gesi haikubadilika. Kilichobadilika ni jinsi ilivyoingizwa. E-Gas iliigeuza gesi kuwa mvuke kwanza, kisha ikaichanganya na hewa mwanzoni mwa njia ya hewa, mithili ya kabureta. Hewa ikapungua na joto likabaki. EcoLPi iliipuliza ikiwa bado kimiminika, kwa nozeli, jirani na mlango wa silinda. Kimiminika kinapogeuka mvuke hunyonya joto la kilicho karibu nacho, kama spiriti inavyopoza ngozi kabla ya sindano. Hewa iliyopoa husongamana, na silinda ikabeba hewa nyingi zaidi. Juu ya hapo wahandisi waliongeza mgandamizo hadi 12 kwa 1, jambo ambalo petroli ya kawaida ingelipinga kwa kugonga, yaani kuwaka yenyewe kabla ya wakati wake. Ndiyo maana mtu akiniambia gesi inaua nguvu, namuuliza kwanza ilifungwa mfumo gani.

Najua jibu litakalofuata: hao walikuwa na kiwanda kizima, fundi wa mtaani hawezi kubadilisha mgandamizo wa injini iliyokwisha kutengenezwa. Hawezi, ni kweli. Lakini injini ya tabo haihitaji afanye hivyo, kwa sababu tabo ndiyo inayoamua hewa kiasi gani iingie. Ile asilimia 4 hurudi kwa kuongeza presha kidogo tu. Kinachotia hofu unapoongeza presha ni mchanganyiko kuwaka kabla ya wakati wake, na oktani ya propani, kipimo cha kustahimili kugonga, ni karibu 110, petroli nzuri ikiwa 95. Injini ya Subaru EJ25 ya tabo inajulikana kwa pistoni zinazovunjika kwenye matuta ya kati ya ringi, na kugonga ni mmoja wa wauaji wake wakubwa. Kumwambia mwenye injini hiyo akimbie mafuta yanayostahimili kugonga kuliko petroli anayoweka sasa ni kumpotosha.

Sasa upande wa pili, nao una mambo mazito.

La kwanza ni valvu. LPG ni kavu, na siti za valvu zisizo ngumu huliwa taratibu mpaka nafasi ya valvu inakwisha; ikikwisha, valvu haifungi sawasawa na inaungua. Injini yenye vinyanyua vya valvu vinavyojazwa oili hujirekebisha kwa muda. Subaru nyingi za tabo hazina. Zina vikombe vya chuma, kurekebisha maana yake ni kununua vikombe vya unene mwingine, na mara nyingi injini inashushwa kabisa. Gharama hiyo haitajwi siku ya kupigiwa hesabu za akiba.

La pili ni reguleta (kipunguza presha ya gesi) na nozeli ndogo. Mfumo uliotengenezwa kwa gari la 1500 cc utafanya kazi vizuri mjini kwenye gari la tabo. Ukikanyaga mpaka mwisho, gesi haitoshi, mchanganyiko unakuwa mwembamba, joto linapanda, na pistoni inayeyuka. Gari limekufa kwa njaa, gesi inabeba lawama.

La tatu watetezi wa gesi hulisahau, na mimi nilichelewa kulitilia maanani: ile 110 ni ya propani. Butani ya kawaida ina kama 94. Nchi za joto huweza kuuza mchanganyiko wenye butani nyingi, kwa kuwa hapa inageuka mvuke bila taabu. Atakayesogeza taimingi, yaani wakati wa kuwaka kwa plagi, kwa hesabu za vitabu vya Ulaya huku tangi lina butani tupu atasikia ugongaji uleule aliokuwa anaukimbia. Gari lirekebishwe kwa gesi utakayoinunua kila wiki.

Kuhusu hofu ya kulipuka sitakaa sana. Tangi halali la LPG hujazwa asilimia 80 tu ili kimiminika kipate nafasi ya kupanuka, lina valvu ya kupunguza presha, na lenye umbo la tairi hukaa kwenye shimo la tairi la akiba. Hatari iliyopo ni mtungi wa jikoni unaofungwa kamba ndani ya buti. Huo hutoa mvuke kwa juu, wakati mfumo wa gari hutaka kimiminika kutoka chini. Hiyo si njia ya kubana matumizi, ni kuweka familia yako karibu na moto.

Akiba yenyewe ipimwe vizuri. Lita ya LPG ina nishati pungufu, hivyo gari litakula lita nyingi zaidi kwa kama robo. Bei ya lita ya gesi isipokuwa chini ya petroli kwa zaidi ya moja ya tano, hakuna kilichookolewa.

Mwenye Forester akiniuliza leo, nitamwambia apime nafasi za valvu na aandike vipimo kabla hajalipa senti, adai reguleta inayolingana na nguvu ya injini yake, na akubali kompyuta imrudishe kwenye petroli anapokanyaga mwisho kama nozeli za gesi hazitoshi. Ila akiwa Dar es Salaam nitamwambia pia kwamba vituo vingi vya gesi vilivyojengwa mjini ni vya CNG, na mtungi wake wa chuma utakaa nyuma ya ekseli kama abiria wa ziada asiyeshuka. Kwa gari alilolinunua kwa ajili ya kona, mimi ningesubiri LPG.