Kulipia mchanga wa Maziwe

Kikundi chetu cha kuchangiana hapa Majengo, Moshi, kinapanga safari ya Pangani mwezi wa kumi na mbili, na kilichotugawa ni Maziwe. Ni kisiwa cha mchanga mtupu, unakifikia kwa boti kutoka Ushongo. Hakina mti wala choo, na juu ya nauli ya boti kuna kiingilio cha serikali kwa kuwa ni eneo tengefu la bahari. Mweka hazina alipofika kwenye mstari huo wa bajeti aliandika neno moja, "Mchanga", akaweka alama tatu za kuuliza. Watu walicheka sana.

Wanaopinga wana hoja nzito kuliko kicheko chao. Familia ya watu watano ikishalipa basi, malazi na boti, kiingilio kinakuta mfuko umeshatoboka. Mwenye boti naye anataka abiria, masharti hayampi ugali. Na kwetu sisi wa mlimani neno hifadhi lina historia yake: ukanda wa nusu maili pembeni mwa msitu wa Kilimanjaro ulitengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na miti, leo umo ndani ya hifadhi ya taifa, na mama anayekwenda kukata majani ya ng'ombe anageuka nyuma mara mbili. Mtu huyo ukimwambia alipe ili mchanga upumzike, atakucheka, na ana haki.

Ila Maziwe hakikuwa kitupu tangu mwanzo. Kilikuwa na msitu wa mivinje, na kasa walipanda kutaga pale kwa wingi. Miti ikakatwa. Mizizi iliyoushika mchanga ikaoza, mawimbi yakaanza kuula ukingo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kimebaki fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Wapo wanaosema shoka halikuwa peke yake, bahari nayo ilichangia. Sawa, tuseme hivyo. Aliyelima Kibosho anaijua habari hii bila kufika pwani: kata miti ya ukingo wa korongo, masika moja tu nusu ya kihamba, shamba la nyumbani, iko kwa jirani.

Kinachonikaa kichwani ni wale kasa. Bado wanarudi. Jike hupanda usiku, akachimba shimo, akataga mayai yapatayo mia, akafukia, akaenda zake; kisha maji yanajaa na shimo linazama. Basi watu huyafukua, huyavusha kwa boti hadi ufukwe wa Ushongo na kuyafukia upya, halafu hungoja karibu miezi miwili. Na huyabeba bila kuyageuza, kwa sababu yai lililokwisha kukaa saa kadhaa likipinduliwa, kiinitete huweza kufa ndani. Jaribu kushika trei ya mayai ya kuku kwenye boti inayorushwa na mawimbi. Yote hayo, kiota kwa kiota, kwa ajili ya miti iliyokatwa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Kwa hiyo nikiulizwa tunalipia nini, hunijia kwanza hayo, kisha matumbawe yanayouzunguka mchanga. Yale ya mviringo huongezeka kama sentimita moja tu kwa mwaka. Nanga moja ikiburuzwa juu yake inavunja kitu chenye umri wa mweka hazina wetu, naye si kijana.

Mimi niko upande wa kwenda na kulipa. Kama kikundi kina hamu ya kudai, kidai wanafunzi wapunguziwe, na vijiji vya Pangani vijue fungu lao katika kila kiingilio. Kufuta ada ili boti kumi zishushe watu kwa mpigo, hapo sipo.

Tulipiga kura, tukapita kwa tofauti ya watu wawili. Kilichobaki ni saa ya kuondoka. Boti hufuata maji kupwa, na kupwa kwa bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, si sawa na kwa maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo, kwa hiyo nahodha anataka kwanza tumwambie tarehe ya mwezi mwandamo ndipo ataje saa. Kwa watu waliozoea basi la saa kumi na mbili alfajiri, hilo limekuwa gumu kuliko ada.