Kwa sasa uko wapi?

Swali hilo, yaani nafanya kazi wapi, niliulizwa hapa Tanga mjini, kwenye usaili wa nafasi moja ya karani wa hesabu, kabla sijakaa sawasawa kitini. Tulioitwa tulikuwa saba. Mkataba wangu wa mwisho ulikuwa umeisha miezi 14 nyuma, nami nikajibu kama hali ilivyokuwa: "Kwa sasa niko nyumbani." Mama aliyekaa katikati ya meza akaandika neno kwenye karatasi yake, akamtazama jirani yake. Wakaniuliza naishi mtaa gani, wakaniuliza kama nina swali lolote, wakanishukuru. Daftari la fedha sikuulizwa. Kusuluhisha hesabu za benki, yaani kulinganisha taarifa ya benki na daftari hilo, sikuulizwa, na ndilo jambo nililokuwa nimelikesha usiku kucha.

Nje, kwenye benchi chini ya mwarobaini, nilikuwa nimekaa kati ya watu wawili ambao sijawasahau. Kushoto kwangu kijana aliyekuja kwa baiskeli kutoka mtaa wa Mabawa. Mguu wa kulia wa suruali alikuwa ameuchomeka ndani ya soksi ili usishikwe na mnyororo, na kwa wasiwasi akasahau kuuchomoa. Vyeti vyake vilikuwa kwenye bahasha ya kaki, na bahasha ameiviringishia gazeti ili jasho lisiifikie. Mwaka wa tatu huo tangu amalize chuo. Kulia kwangu kaka mmoja nadhifu, kamba ya kitambulisho cha kazi ikichungulia mfukoni. Simu yake ikaita. "Shikamoo bosi. Ndiyo, bado niko hospitali, foleni leo ni ndefu sana." Alipokata akatugeukia, uso umemshuka. "Nisameheni jamani. Ruhusa ya kuja hapa ningeiomba kwa maneno gani?"

Kazi aliipata yeye.

Miezi kadhaa baadaye tulikutana Ngamiani, kwa muuza kahawa, akaninunulia kikombe na kashata mbili. Sikuwa na kinyongo naye. Kule alikotoka mkataba ulikuwa wa miezi sita sita, mshahara unakuja tarehe yoyote, na kwa kuwa alisoma kwa mkopo, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi inakwenda Bodi ya Mikopo kabla hajaigusa. Mtu wa namna hiyo akitafuta pa kuhamia, nani amlaumu? Lakini nilimuuliza jambo moja: kiti ulichokiacha kakikalia nani? Akacheka kidogo, kicheko cha kusikitika. "Hakuna, dada yangu. Kazi yangu wamegawiwa wale wawili waliobaki."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Vijiweni hoja ya ajira huishia pabaya: wenye kazi ni walafi, watuachie na sisi. Nimeisikia mara nyingi, na siku zile za nyumbani nimeisema mwenyewe kwa uchungu. Leo siiamini tena. Mwenye kazi anapohama, nafasi za walio mtaani hazikupaswa kupungua, maana anachukua kiti kimoja na kuacha kingine. Kiti alichokiacha kikitangazwa, yule kijana wa Mabawa angekuwa na mahali pa kupeleka bahasha yake. Tunapoumia ni pale mwajiri mpya anapomchuja asiye na kazi mlangoni, na mwajiri wa zamani anapokifuta kiti kimyakimya ili aokoe mshahara mmoja. Mambo hayo mawili yakikutana, asiye na kazi amefungiwa kote kuwili, na wanaobaki kazini wanachoka kwa kufanya kazi ya watu watatu, nao wanaanza kutafuta pa kukimbilia. Ndipo foleni ya wenye kazi inapozidi kurefuka mbele ya wasio nayo.

Waajiri wana sababu zao na nimezisikia zikisemwa wazi. Aliye kazini ameshapimwa na mwingine. Aliyekaa mtaani muda mrefu huenda ana kasoro ambayo wengine waliiona kabla yetu. Kwa mtu mwenye barua 200 mezani na mchana mmoja wa kuzisoma, njia hiyo ni ya mkato na inamrahisishia. Kukosa kazi kunageuzwa kuwa ushahidi juu ya mtu, kana kwamba ni cheti kibaya.

Marekani jambo hili walilipima. Wachumi watatu, Kory Kroft, Fabian Lange na Matthew Notowidigdo, walituma wasifu wa kubuni wapatao 12,000 kwa nafasi zipatazo 3,000 katika miji 100, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Kadiri mwombaji alivyoonekana kukaa muda mrefu bila kazi, ndivyo simu za kumwita zilivyopungua, na kushuka kwenyewe kulikuwa kukubwa ndani ya miezi minane ya mwanzo. Lakini waliona na jambo la pili, nami ndilo ninalolishika zaidi: penye uhaba wa ajira, adhabu hiyo ilikuwa ndogo. Mwajiri wa huko alielewa kwamba mji mzima umekwama, akaacha kumhukumu mtu mmoja mmoja. Mwaka 2011 jimbo la New Jersey lilipiga marufuku matangazo ya kazi yanayosema wasio na ajira wasiombe, na mwaka 2013 jiji la New York likakataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu hana kazi. Huku kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri na mengine kadhaa. Kukosa ajira hakukutajwa kwa jina.

Sasa tuutazame mji wetu. Kazi nyingi za Tanga za miaka hii ni za mradi. Bandari ilichimbwa kina kutoka mita 3 hadi mita 13, ikajengwa gati refu, watu wakafanya kazi usiku na mchana. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani, hapo ng'ambo tu, na wachomeleaji, madereva, wapishi na walinzi wamepata riziki huko. Mradi ukikamilika, mkataba unakwisha. Haukwishi kwa uvivu wala kwa wizi. Unakwisha kwa sababu kazi imefanyika mpaka mwisho. Halafu mtu huyohuyo aliyeimaliza kazi vizuri anarudi Makorora au Duga na pengo kwenye wasifu wake, na ofisi ya mjini inalisoma pengo hilo kama ugonjwa. Inaniuma, kwa sababu watu hawa nawajua. Mmoja ni mtoto wa mama mdogo, fundi wa kuchomelea, vyeti vyake vya majaribio ya kuchomea amevifunga kwenye nailoni ngumu kimoja kimoja, na sasa anauza mihogo ya kukaanga karibu na stendi ya Kange.

Babu yangu mzaa baba alifika mkoa huu kama manamba, yaani kibarua wa mashamba ya mkonge, akiletwa kutoka Kasulu. Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893, na ulipotanuka mashamba yalikosa watu, hata wenye mashamba wakaunda shirika lao la kuwatafuta vibarua mikoa ya mbali. Babu alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, kila siku ikitiwa alama. Sitamani enzi zile. Walidhulumiwa, wakalala kwenye makambi mabaya, na babu mgongo wake haukunyooka tena. Ninachokikumbuka ni kwamba kazi ilimfuata mtu mpaka kijijini kwake na kumkuta hana ajira yoyote, na hakuna aliyemwona pungufu kwa hilo. Mjukuu wake nilikaa mbele ya meza ile nikaona aibu kusema niko nyumbani.

Serikali, kwa upande wake, ina jambo ambalo kampuni zingeweza kulichukua. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yana sharti ambalo wengi tunaliruka tukikimbilia sifa na mshahara: aliye tayari kwenye utumishi wa umma katika nafasi ya kuingilia asiombe nafasi nyingine kama hiyo, kwa mujibu wa waraka wa tarehe 30 Novemba 2010. Aliyejiendeleza na kupata sifa za kada nyingine anapitisha barua yake kwa mwajiri wake. Naliona ni sharti la haki. Ngazi ya chini kabisa ndiyo pekee ambayo mtu asiye na kitu anaweza kuifikia; aliyekwisha kuipanda kwa nini aizibe? Ngazi za juu ziwe wazi kwa wote. Matangazo hayohayo, hata hivyo, huweka ukomo wa miaka 45 kwa waombaji isipokuwa walioko kazini serikalini, na hapo sikubaliani nayo. Mwanamke aliyelea wazazi wagonjwa akaanza upya akiwa na miaka 46 anazuiwa na umri uleule ambao kwa mwenye ajira haumzuii.

Kuna hesabu nyingine ambayo waajiri wadogo wa hapa hawaipigi. Kwa sheria ileile ya 2004, anayelipwa kwa mwezi anatakiwa atoe notisi ya siku 28 kabla hajaondoka. Aliye nyumbani anaanza kesho asubuhi. Kwa duka la jumla ambalo karani wake ameondoka ghafla, siku 28 ni mwezi mzima wa stakabadhi zinazorundikana kwenye boksi.

Baadaye nami nilipata kazi, na mwaka jana nikaambiwa nikae upande wa pili wa meza. Tulikuwa watatu. Fomu ya maswali ilikuwa imeshachapwa, na swali la pili ni lilelile: kwa sasa uko wapi? Nikamwomba mkuu wangu tulitoe. Hakupenda. Nikamwomba basi tulisogeze liwe la mwisho, baada ya jaribio, na tusilipe alama. Hapo akakubali. Jaribio nililitunga mwenyewe usiku nyumbani: taarifa ya benki ya mwezi mmoja, daftari la fedha, na tofauti ya shilingi 27,000 kati yao. Dakika 40.

Waliokuja walikuwa watano, watatu wako kazini. Wawili kati ya hao watatu walianza kuhesabu upya tangu mstari wa kwanza na muda ukawaishia. Binti mmoja mwenye hijabu ya kijivu aliitazama ile 27,000 kwa muda, akaandika pembeni kwamba inagawanyika kwa 9, dalili ya tarakimu zilizogeuzwa, kisha akaacha kujumlisha akaanza kutafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi. Aliipata kwenye tarehe 19: malipo ya 63,000 yaliyoandikwa 36,000. Alikuwa bado na dakika 11.

Swali la mwisho likafika, nikaliuliza mimi ili asiliogope. Akasema yuko nyumbani kwa mwaka wa pili, anamsaidia shangazi yake kuandika madeni ya genge kule Majani Mapana. Mkuu wangu akaomba aone hilo daftari la genge kama analo. Alikuwa nalo mkobani. Majina kushoto, tarehe, kiasi, alicholipa mtu na alichobakiza, kila ukurasa umejumlishwa chini kwa wino mwekundu. Mkuu alilipitia ukurasa kwa ukurasa bila kusema kitu, akamrudishia kwa mikono miwili.

Tulimpigia simu saa tisa alasiri siku ileile. Aliuliza tu tunafungua saa ngapi.