Usinunue Bitana Kigoma Kabla Hujaangalia Makoti

Muulize mtu yeyote anayeshona nyumbani hapa Kigoma pesa yake inaishia wapi, atakutajia kitambaa. Mimi sikubali. Kitambaa unakipangia, unakishika, unakiombea punguzo mpaka muuzaji anacheka. Pesa inayoyeyuka bila kuaga ni ile ya vikorokoro: zipu, bitana ya ndani ya nguo, gamu ya kukazia kola, vifungo, lastiki. Vingi vinatoka Kariakoo, na kutoka Dar es Salaam mpaka hapa kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Kila mkono unaopitisha boksi la zipu njiani unabakiza chake. Anayenunua dazeni analalamika, lakini sisi wa moja moja ndio tunaolipa nauli ya boksi zima.

Kwa hiyo nasema hivi: mtu anayeshona nyumbani, kwa ajili ya watoto wake na wateja wachache wa mtaani, hana haja ya kununua vikorokoro vipya. Viwili tu ndivyo vya kununua dukani, nitavitaja huko mbele. Vilivyobaki vimelala kwenye mafungu ya mitumba pale Mwanga, hapa hapa mjini, na chini ya meza za mafundi.

Anza na makoti. Nasisitiza makoti kwa sababu watu wengi wakienda mitumbani kutafuta vifaa wanakimbilia mashati, na mashati yana ushindani. Shati zuri kila mtu analitaka, na bei yake inajua hivyo. Koti zito la sufu, lile la kuvalia theluji, nani wa Ujiji atalivaa? Labda watu wa Manyovu huko milimani, na wao pia wana kiasi. Muuzaji amenunua belo lake la kilo 45 limefungwa, hajui ndani kuna nini, na makoti ni mazito, kwa hiyo machache tu yamekula kilo nyingi za pesa yake. Anayatundika wiki ya kwanza kwa bei ya heshima. Baadaye yanashuka kwenye turubai chini, yanachanganywa na masweta yaliyotoboka, na hapo bei inakuwa ni yoyote utakayotaja bila kumtukana.

“Mama, hilo unaenda nalo Ulaya?” kijana mmoja muuzaji aliniuliza, wenzake wakaangua kicheko. Nikamwambia ndiyo, naondoka kesho. Akaniuzia kwa buku mbili na kunitakia safari njema.

Sasa lifumue uone. Ndani ya koti la mwanamke linalofika magotini kuna bitana inayotosha kwa gauni la mtoto, wakati mwingine hata sketi ya mtu mzima, na mara nyingi ni laini kuliko ile ya dukani inayokwaruza mapaja. Mbele, chini ya sufu, kuna kitambaa kigumu kinachoshikilia kifua na kola. Kikiwa kimeshonewa, unakitoa kizima na kukitumia tena kwenye kola au mkanda wa sketi. Kikiwa kimegandishwa kwa gundi, kiache, hakitoki vizuri. Mabegani kuna mito miwili. Vifungo vikubwa vinne, sita, na ukitazama ndani upande wa chini utakuta kifungo cha akiba ambacho mwenye koti hakuwahi kukihitaji. Mifuko yenyewe imeshonwa kwa pamba imara, unaifumua ikiwa tayari na umbo lake. Sufu inabaki. Hiyo nitairudia.

Zipu ndiyo inayotaka akili kidogo. Zipu ya koti inafunguka hadi chini na kuachana, kwa hiyo haifai kwa gauni wala sketi. Iweke kwa ajili ya sweta la shule au jaketi. Kwa gauni tafuta zipu ya suruali au sketi ya mtumba, ile iliyofungwa chini. Ikiwa ndefu usiogope: kama meno ni ya nailoni, shona kwa mkono juu yake mara kadhaa pale unapotaka iishie, halafu kata chini ya hapo. Hiyo ya koti ukitaka kuipunguza, punguza kutoka juu, maana ukikata chini umeua kiungo chake. Meno ya chuma usiyapitishe chini ya sindano ya cherehani, utavunja sindano na pengine jicho. Na kabla ya kulipa, ifungue na kuifunga papo hapo mbele ya muuzaji. Zipu nyingi za mitumba zina herufi za YKK, kampuni ya Kijapani, na hizo mara nyingi zinaishi kuliko nguo iliyozibeba.

Kufumua wengi wanakuchukia kwa sababu wanavuta. Usivute. Chukua wembe, kata mshono mmoja kila baada ya mitatu au minne upande mmoja, kisha geuza kitambaa na uvute uzi wa upande wa pili. Unatoka mzima kama kamba. Nafanya kazi hiyo jioni umeme ukiwa umekatika, na mwanga wa simu unatosha.

Lastiki ya mtumba sinunui. Imeshachoka kabla hujaiona, na hata ikionekana ina nguvu leo, baada ya kufuliwa mara chache inalegea na kubaki imekunjamana kama uso wa mzee. Hapa nakubali kwamba ile “viwili tu” niliyoisema juu ina mipaka: kama unashona chupi au mikono ya gauni la mtoto, nunua lastiki mpya kwa mita.

Kuhusu kujua kitambaa ni cha nini, lebo hazisaidii sana, nyingi zimekatwa au zimefutika. Tumia kiberiti. Chomoa nyuzi mbili tatu kutoka kwenye pindo, zichome mbali na mwili. Pamba inaungua na kunuka karatasi, inaacha majivu laini yanayopulizika. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Muuzaji hakatai ukichukua uzi, anakataa ukichoma nguo nzima, kwa hiyo tafuta sehemu iliyochanika. Halafu inua nguo kwenye jua: pale inapopitisha mwanga kuliko kwingine, huwa makalioni, viwikoni na kwapani, hapo pamekwisha na hupati kitu.

Mashuka na mapazia nitapita haraka kwa sababu kila mtu ameshayagundua. Shuka la pamba la kitanda kikubwa linakupa upana ambao kitenge, chenye inchi 45 au 46 hivi, hakikupi. Nalitumia kujaribia mkato mpya kabla ya kuugusa mkasi kwenye kitambaa cha mteja, nalitumia kama bitana ya gauni la kitenge, na lililobaki linakuwa aproni. Mji wenye mawese hauwezi kukosa aproni. Doa la mawese, kwa faida ya wageni, lisugue kwa sabuni kuondoa mafuta kwanza, kisha anika juani kali. Ile rangi ya chungwa inafifia yenyewe kwa jua, na watu wengi wanatupa kitambaa kizuri kabla ya kukipa nafasi hiyo.

Wapo watakaosema ninapigia debe mitumba wakati mitumba ndiyo imeua viwanda vyetu. Najua hoja hiyo, na sina dharau nayo. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuyaondoa mavazi haya ifikapo 2019. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nguo zake unafuu wa AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Pamba inalimwa hapo kwa jirani zetu Igunga na Nzega, na sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii inaondoka ikiwa ghafi. Hilo linauma. Lakini zipu ninayoinunua dukani nayo imetengenezwa nje, bitana vilevile. Kati ya kununua cha nje kipya na kufumua cha nje kilichokwisha kuingia, naona cha pili kinaacha angalau kazi ya mikono yangu hapa hapa. Tofauti iko kwa anayevaa mtumba kama ulivyo. Huyo kweli amempita fundi mlangoni.

Sasa mafundi na mabaki yao, mahali ambapo najua nitagombana na watu.

Unapeleka pisi ya kitenge cha wax, yadi sita, kimevuka ziwa kutoka Kongo na umekilipia kwa uchungu. Gauni linarudi. Unauliza kilichobaki, unaambiwa kitambaa kimeisha, ua lilikuwa kubwa, ilibidi kulilinganisha. Ni kweli ua kubwa linakula kitambaa. Ukitaka maua yakutane kifuani na ubavuni, lazima fundi aruke sehemu. Sketi ya mwamvuli nayo inaacha pembe nne ambazo haziwezi kuwa nguo ya mtu mzima. Lakini yadi sita kwa gauni fupi la mtu wa umbo la kawaida? Haiishi. Na sote tumewahi kukutana na kofia au kigauni cha kitoto cha maua yale yale mtaani, tukanyamaza kwa sababu fundi ni mtu wetu.

Upande wa fundi nao una maneno. Tunamlipa kidogo, tunamkopa, tunamletea kazi Ijumaa ya harusi ya Jumamosi, kisha tunamnyima kipande cha kiganja. Kwake mabaki ni sehemu ya ujira ambayo hakuna aliyeiandika popote. Mimi mwenyewe nanufaika na utaratibu huo, maana mifuko ya mabaki ninayobeba kutoka kwa mafundi imejaa vipande vya watu nisiowajua.

Napendekeza mpaka, na uwe wazi kwa wote: kipande kinachotosha mfuko wa shati au zaidi ni cha mwenye kitambaa, kirudi kimekunjwa ndani ya gauni. Kilicho kidogo kuliko hapo ni cha fundi, akiuze, akichome, akigawe. Lisemwe wakati wa kupimwa, siyo siku ya kuchukua nguo, kwa sababu siku hiyo linasikika kama tuhuma. Anayesema mapema, “Fundi, naomba unirudishie vinavyobaki, nataka kumtengenezea mtoto kibegi,” anakatiwa kwa uangalifu zaidi. Nimeona fundi huyo huyo akipanga vipande upya mezani baada ya kuambiwa hivyo. Na sisi tunaookota vidogo tulipe. Siyo lazima bei, hata ya chai. Mfuko unaotolewa bure unajazwa na vumbi na nyuzi, na mfuko unaolipiwa unachambuliwa.

Ukishafika nyumbani na mfuko wako, chambua siku hiyo hiyo, la sivyo utakuwa na kilima chumbani na bado utanunua kitambaa. Pamba peke yake, poliesta peke yake. Vipande virefu hata kama ni vyembamba navikata kwa mshazari na kuviunga viwe ukanda wa kumalizia shingo na mikono. Kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika, kinakubali kuzunguka bila kukunjamana. Vya mraba vinakwenda kwenye vitambaa vya meza na mashuka ya watoto. Hapo kuna jambo ambalo hata mafundi wa siku nyingi hulipuuza: kitenge kipya kina wanga na bado kitarudi, mtumba ulishafuliwa hadi ukachoka. Ukiviunga pamoja bila kufua kile kipya kwanza, mfuo mmoja tu shuka zima linajikunja. Chekundu na cheusi navijaribu kwa kuvisugua na kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiacha rangi, hakikai karibu na cheupe. Ushauri wa kuloweka kwenye chumvi nimeusikia tangu utotoni, nao haushiki rangi ya kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kiwandani.

Ile sufu ya koti inakuwa vishikio vya sufuria. Sufu na pamba vinavumilia joto. Poliesta ikigusa sufuria ya ugali inayeyukia kwenye vidole vyako, kwa hiyo hata kama inapendeza, isikaribie jiko. Vipande visivyofaa kitu navikatakata viwe mito ya kukalia. Ni mizito na inachelewa kukauka ikiloa, lakini kwa benchi la barazani inatosha.

Vile viwili vya kununua vipya nilivyoahidi kuvitaja ni uzi na sindano. Uzi mkuukuu, hata ule unaokuja umejaa kwenye kibobini ndani ya kasha la cherehani la mtumba, unakatika. Uvute kati ya vidole viwili: ukiachia kwa mlio mdogo usio na nguvu, utaachia hivyo hivyo kwenye mshono wa makalio ya mteja, kanisani. Nunua wa poliesta ulio laini usio na manyoya, maana manyoya hayo ndiyo yanayoziba cherehani yako. Sindano namba 14 kwa kitenge, 16 kwa jinzi na makoti. Ukisikia inagonga inapopenya kitambaa, imeshapoteza ncha, ibadilishe hapo hapo kabla haijavuta nyuzi za kitenge cha watu.