Binamu, Usiifungie Turbo

Ukikaa na wapenda magari hapa Nairobi, swali la kwanza huwa: lina farasi wangapi, yaani injini ina nguvu kiasi gani? Taja 110 uone watakavyokuhurumia. Mimi nashikilia kwamba gari la spoti lisilo na mbio za kutisha ndilo tamu zaidi, hasa kwa barabara zetu.

Jumapili moja alfajiri binamu yangu alinipa ufunguo wa Mazda Roadster yake ya mwaka 1999, ile inayojulikana pia kama MX-5: injini ya lita 1.6, gia tano za mkono. Tukapita Ruaka na Ndenderu kabla matatu hazijachangamka, paa tumelifungua, baridi inauma masikio. Ukishaipita Banana, barabara inaanza kujipindapinda kuelekea Tigoni, mashamba ya chai kushoto na kulia. Kona inakuja. Unagusa breki, unakanyaga klachi, unarudisha gia kutoka ya tatu hadi ya pili. Mkono wa gia ni mfupi, unaingia kwa kuzungusha kiganja tu. Unakata usukani na pua inafuata papo hapo. Vidole vinahisi tairi zinavyoshika lami. Kisha unakanyaga mafuta mpaka mwisho, naam, mpaka mwisho, injini inalia kwa nguvu zake zote, na mshale wa kasi unasoma kilomita 70 tu kwa saa.

Nissan GT-R, gari la spoti lenye mbio za kutisha, hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde tatu hivi. Kwenye barabara ile ungeondoa mguu kabla hata hujaanza kuifaidi. Mjini sheria ni kilomita 50 kwa saa, na hata ukilipia Expressway ni 80, sasa kasi yake ya 300 utaitumia wapi?

Mazda walilijua hili tangu walipoionyesha MX-5 ya kwanza Chicago mwaka 1989. Ilikuwa chini ya tani moja, injini imesogezwa nyuma ya ekseli ya mbele ili uzito ugawanyike sawa, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Wajapani wana neno lao, jinba ittai: farasi na mpandaji kuwa kitu kimoja. Kufikia 2016 walikuwa wametengeneza milioni moja.

Sikatai, turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi ili iongeze nguvu, ikikusukuma mgongoni ni raha. Ila raha hiyo huisha upesi, na wanaoitafuta huishia Thika Road usiku, mahali watu wanapovuka kwa miguu. Nimewahi kusimama kwenye mazishi ya kijana mmoja aliyeitafuta huko. Mama yake hakuweza kusimama.

Ndiyo maana niliposikia kuna fundi anamshawishi binamu afunge turbo, nilimpigia simu siku hiyo hiyo. Kaka, nikamwambia, iache injini ilivyo. Shokabu za nyuma zimechoka, nilizisikia zikigonga kila tuta pale Karuri. Pesa hizo nunua shokabu na tairi nne nzuri, halafu Jumapili turudi Tigoni.