Sura yako kwanza, ndipo uingie

Machi 2025 jukwaa la mtandaoni la wafugaji wa hamsta nchini Uingereza lilifungwa. Hamsta ni wale wanyama wadogo jamii ya panya wanaofugwa vizimbani, na watu wa jukwaa hilo walikuwa wakiulizana jinsi ya kuwatunza, basi. Kilicholifunga ni Sheria ya Usalama Mtandaoni ya 2023, ambayo tangu mwezi huo inamtaka kila mwenye tovuti ambako watumiaji huandikiana afanye tathmini ya hatari, aiandike na kuitunza. Faini inaweza kufika pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani, kutegemea ipi ni kubwa. Mtu anayeendesha jukwaa kwa mapenzi tu, jioni akishatoka kazini, akizisoma tarakimu hizo hakai kujiuliza kama Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya huko, kweli itahangaika na hamsta. Anazima.

Ni rahisi kuicheka sheria ya namna hii, na wapinzani wake wameicheka vya kutosha. Lakini haikuzuka hewani. Novemba 2017 Molly Russell, msichana wa London mwenye miaka 14, alifariki kwa kujidhuru. Mwaka 2022 afisa aliyechunguza kifo chake alisema yale aliyoyaona mitandaoni yalichangia, na si kwa kiasi cha kupuuzwa. Mengine hata hakuyatafuta. Programu zilimletea zenyewe. Mwaka uliofuata Kamishna wa Watoto wa England alitoa taarifa kwamba, kwa wastani, mtoto huiona ponografia kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 13. Mzazi aliyesoma hayo hataki kuhubiriwa uhuru wa kujieleza. Anataka mlango ufungwe.

Kwa sheria hiyo hiyo, mlango ulifungwa tarehe 25 Julai 2025. Kuanzia siku hiyo, kwenye tovuti za ponografia na nyingine zenye maudhui ya kudhuru watoto, kubofya tu kwamba umetimiza miaka 18 hakutoshi. Unapiga selfi, kompyuta inakadiria umri wako, au unatuma picha ya pasipoti au leseni ya udereva. Siku zile zile programu za VPN, zinazoficha uko nchi gani, zikapanda kileleni katika duka la Apple la Uingereza. Vijana wakagundua kwamba kamera ya Discord, mtandao wa kuchati, inaweza kuonyeshwa mhusika wa mchezo wa video, jibaba la makamo, akafumbua na kufumba mdomo kama alivyoamriwa, akahesabiwa mtu mzima. Zaidi ya watu 500,000 wakatia saini ombi la kutaka sheria ifutwe. Serikali ikajibu kwamba haina mpango huo.

Nigel Farage, kiongozi wa chama cha Reform UK, alipoahidi kuifuta akishika madaraka, Peter Kyle, waziri wa teknolojia wakati huo, alisema kiongozi huyo amesimama upande wa watu kama Jimmy Savile, mtangazaji wa BBC ambaye baada ya kufa ilibainika kuwa alidhulumu watoto kingono kwa miaka mingi. Simtetei Farage, ana watetezi wa kutosha. Ila ubishi ukishafikishwa hapo, anayetaka kuuliza swali dogo la kiufundi hujikuta anatazamwa kama mhalifu. Na maswali hayo yapo. BBC iligundua kwamba hata mijadala ya Bunge kuhusu magenge yaliyonyanyasa wasichana ilikuwa imefichwa kwenye X kwa asiyethibitisha umri. Sheria haikuagiza hivyo. Kampuni inayoogopa faini huziba zaidi ya inavyotakiwa, kwa sababu kuziba mno hakuna adhabu ya uzito huo.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba haya yanatokea Uingereza, nchi isiyo na kitambulisho cha taifa. Desemba 1950 polisi alimsimamisha dereva aitwaye Clarence Willcock huko Finchley, London, akamtaka atoe kitambulisho. Vitambulisho vilikuwa vimewekwa kwa ajili ya vita, na vita vilikwisha 1945, basi Willcock akakataa. Alitiwa hatiani, lakini majaji wa rufaa waliwakemea polisi kwa kukigeuza kitambulisho kuwa desturi, na Februari 1952 kikafutwa. Serikali ya chama cha Labour ilikirudisha kwa sheria ya 2006, iliyofuata ikakifuta 2010. Kwa msomaji wa Dodoma au Nairobi, ambaye bila kitambulisho hasajili hata laini ya simu, hili linaweza kuonekana deko. Lakini watu hao hao waliogoma kumwonyesha polisi kadi sasa wanaituma pasipoti kwa kampuni wasiyoijua iko wapi, ili tu waruhusiwe kusoma.

Hatari yake imeshaonekana. Oktoba 2025 Discord ilitangaza kwamba picha za vitambulisho vya watumiaji wapatao 70,000 huenda zimeangukia mikononi mwa wadukuzi, kupitia kampuni nyingine inayoihudumia. Wengi walikuwa wamezituma ili kupinga umri waliokadiriwa. Wanaoitetea sheria husema kosa ni la aliyetunza picha, kwani kanuni za faragha zinakataza kukusanya kisichohitajika. Wana hoja. Ila mimi nikiweka chaguo mbele, namwamini zaidi asiye na cha kuibiwa.

Na njia ya namna hiyo iliwahi kuwapo, angalau kwenye karatasi. Sheria ya 2017 ilitaka tovuti za ponografia zithibitishe umri, na mojawapo ya njia zilizoandaliwa ilikuwa kadi ya kununua dukani, kwa bei chini ya pauni 5. Muuzaji anakutazama usoni kama anavyomtazama anayenunua bia, akikutilia shaka anaomba kitambulisho, kisha anakupa namba ya kuingilia. Hakuna jina wala picha inayobaki. Magazeti yaliicheka: nani atasimama kwenye foleni nyuma ya jirani yake aombe kadi ya ponografia? Kisha Juni 2019 waziri Jeremy Wright akakiri Bungeni kwamba utekelezaji utaahirishwa kwa sababu serikali ilisahau kuiarifu Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ambao Uingereza ilikuwa bado mwanachama wake. Oktoba mpango mzima ukatupwa.

Kadi ile ilikuwa na tundu lake, kaka mkubwa angeweza kumnunulia mdogo wake, kama inavyotokea kwa bia na sigara. Lakini tundu hilo lisingekuwa kubwa kuliko la VPN. Na aibu ya dakika mbili mbele ya muuza magazeti huisha ukitoka dukani.