i7 Isiyo na Feni

Wiki nzima niliwachosha wenzangu kazini kwa laptop yangu mpya. Nyembamba, nyepesi, haina feni, haitoi hata mlio. "Na prosesa ni i7," nilimalizia kila mara, kwa sauti ya mtu anayetaja cheo; prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na kwa Intel i7 huhesabiwa juu ya i5. Jamaa mmoja mwenye i5 nene inayovuma akaniuliza, "i7 ipi?" Nikamwambia aache wivu.

Kibandiko kilisema i7 tu. Jina kamili lilikuwa ndani, kwenye mipangilio: i7-7Y75. Ile Y iliyojibanza katikati ya tarakimu ndiyo habari yenyewe. Kwa prosesa za Intel za kizazi kile, Y kama yangu imepangiwa wati 4.5 za umeme, U nyingi wati 15, H nyingi wati 45. Yangu ina viini viwili, yaani sehemu mbili za kufanyia hesabu, na kasi ya msingi ya gigahezi 1.3. Hupanda mpaka 3.6, kweli, ila kwa muda mfupi; joto likijaa inajipunguza yenyewe. Ndiyo maana siku ya kuinunua ilifungua kivinjari kabla sijaondoa kidole, nami nikalipa. i5 ya yule jamaa, 8250U, ina viini vinne, wati 15, na hiyo feni niliyokuwa naicheka.

Kwa kuandika na kusoma barua pepe haikuwa na neno. Kazi hizo huja kwa vipindi, prosesa inapata pa kupumulia. Kikao cha video hakina huruma hiyo: kamera, sauti na kuonyesha skrini, vyote mfululizo. Nami nilikuwa kitandani, shati la heshima juu, bukta chini, laptop juu ya blanketi. Mashine isiyo na feni hutoa joto kupitia bodi lake, na tumbo la yangu nilikuwa nimelifunika kama mgonjwa wa homa.

Dakika ya 20 nikaanza kusoma ripoti. "Unakatakata!" Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc nione mashine inavyofanya kazi: prosesa asilimia 100, kasi gigahezi 0.79. Kwenye skrini sura yangu ilikuwa imeganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba.

Nikaitoa kwenye blanketi, nikaiweka juu ya vitabu viwili vilivyoachana ili tumbo lipate hewa, nikashika jalada la faili nikaanza kuipepea. 1.1. 1.5. 1.8! Sauti ikarudi. Kila nikipumzisha mkono, baada ya muda namba zinaanza kushuka tena. Basi ripoti yote, kurasa sita, nikaisoma huku mkono mmoja ukipepea, kamera ikionyesha bega tu linavyocheza.

Nilipomaliza jasho linanitiririka. Bosi akauliza kama kuna mwenye swali. Yule jamaa akawasha maikrofoni, feni yake ikisikika ikivuma kwa mbali.

"Ni lile lile la wiki iliyopita," akasema. "i7 ipi?"